Kilemba cha mwanamke wa Kisikh, na nywele zilizo chini yake

Julai 2018 utawala wa mji wa Chandigarh, kaskazini mwa India, ulibadili kanuni yake ya helmeti. Hadi hapo wanawake wote wa mji huo walikuwa wamesamehewa kuvaa helmeti kwenye pikipiki na skuta. Kanuni mpya ikawasamehe wanawake wa Kisikh wanaofunga kilemba, basi. Taasisi za Kisikh zenyewe zikapinga. Hoja yao ilikuwa kwamba mwanamke wa Kisikh ni Msikh, afunge kilemba asifunge, na askari wa barabarani hana mamlaka ya kumpima imani kwa mita za kitambaa. Oktoba mwaka huohuo wizara ya mambo ya ndani ya India ikaitaka Chandigarh ifuate mfano wa Delhi, ambako tangu 2014 wanawake wa Kisikh walikuwa wamesamehewa bila kuulizwa wamevaa nini kichwani.

Mzozo huo unaonyesha jinsi jambo hili lilivyofungamana. Kwetu mambo yanazidi kuchanganyika kwa sababu neno lenyewe, Kalasinga, humleta mwanamume akilini: ndevu, kilemba, bangili ya chuma mkononi. Mkewe hukumbukwa kwa mtandio na suruali pana. Akionekana binti amefunga kilemba kirefu cha buluu, wengine hudhani kaazima cha kaka yake, na kule Kenya wapo watakaomdhania Mkorino, maana Wakorino nao hufunga vilemba wake kwa waume. Lakini Wakorino ni Wakristo, na kilemba chao kina habari yake.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyatia katika kapu moja: nywele, kufunika kichwa, na kilemba. Hukumu ya kila moja ni tofauti.

Nywele hazina mjadala. Mwongozo wa mwenendo uitwao Sikh Rehat Maryada, uliopitishwa mwaka 1945 na halmashauri ya Amritsar inayosimamia gurdwara, yaani nyumba za ibada za Kisikh, za jimbo la Punjab, unataja makosa makubwa manne kwa aliyekunywa amriti, maji matamu ya ibada, yaani aliyeingia rasmi katika Khalsa, jumuiya ya Wasikh walioweka ahadi kamili. Kuzidhalilisha nywele, yaani kuzikata au kuzinyoa, ni mojawapo. Hapo hakuna mwanamume wala mwanamke. Na si nywele za kichwani tu: nyusi, za juu ya mdomo, za kwapani, za miguuni, zote huachwa zilivyo. Kufunika kichwa nako hakuna mjadala, walau mbele ya kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib. Yeyote aingiaye gurdwara, Msikh au mgeni, hufunika kichwa. Ni kwenye kilemba ndipo njia zinapoachana. Mwongozo huo unamlazimisha mwanamume; kuhusu mwanamke unasema anaweza kufunga au asifunge. Na hapohapo unasema haifai mwanamke wa Kisikh kuuficha uso wake kwa shela.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayokitenga kilemba hiki na hijabu, ambayo msomaji wa pwani anaweza kukifananisha nayo. Hijabu inahusu sitara mbele ya wanaume wasio maharimu. Nyumbani, miongoni mwa watu wake, mwanamke huivua. Kilemba cha Kisikh hakimwangalii mwanamume yeyote. Mwanamke hukifunga akiwa peke yake chumbani saa kumi alfajiri, na mumewe hukifunga kwa sababu ileile. Shingo inaweza kuwa wazi, masikio nusu wazi, uso wazi kabisa. Kinachofunikwa ni nywele kwa sababu ni amana, na kichwa kwa sababu ya heshima ya anayeabudiwa. Kuviita vitu hivi viwili jina moja ni kuvikosea vyote viwili.

Sasa, nani wanaosema kilemba ni lazima kwa mwanamke? Wanaojulikana zaidi ni Akhand Kirtani Jatha, jumuiya inayofuata mafundisho ya Bhai Randhir Singh, aliyeishi 1878 hadi 1961. Kabla yake msimamo huo ulishikiliwa kwa ukali na kundi la Bhasaur, kijiji cha Punjab, mwanzoni mwa karne ya 20. Jatha hawampi mwanamke amriti asipofunga keski, yaani kilemba kifupi. Hoja yao ina mantiki yake. Khalsa ina alama tano zinazoanza na herufi K: kesh, nywele zisizokatwa, kangha, kitana cha mti, kara, bangili ya chuma, kachera, kaptura ya ndani, na kirpani, upanga mfupi. Wao wanasema nne kati ya hizo ni vitu vya kuvaa, ila nywele mtu huzaliwa nazo. Basi cha tano nacho lazima kiwe cha kuvaa, na hicho ni keski. Kukata nywele kunabaki kuwa kosa kubwa, lakini alama ni kitambaa. Wengi wa Wasikh hawahesabu hivyo: kwao alama ni nywele, na kitambaa ni mlinzi wake.

Pande zote mbili hunukuu mstari wa Guru Arjan, guru wa tano wa Wasikh, ulio ukurasa wa 1084 wa Guru Granth Sahib, unaosema habari ya umbo kamili na dastari, yaani kilemba, kichwani. Wanaotaka kilemba kwa wote wanausoma kama amri. Wengine wanajibu kwamba shairi lile linazungumza na Muislamu kwa maneno ya Kiislamu, likimwelekeza kwenye usafi wa moyo, na si sheria ya mavazi. Ukitafuta katika miongozo ya kale baada ya Khalsa kuanzishwa Anandpur mwaka 1699, utakuta imeandikwa kana kwamba msomaji ni mwanamume. Mwanamke anatajwa kwa nadra. Ukimya huo kila mtu huujaza kwa alichonacho.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii. Baba Puran Singh, ambaye wengi wanamjua kwa jina la mji wa Kericho alikoishi miaka mingi, alihamia Uingereza na kuanzisha jumuiya ya Nishkam huko Birmingham. Wanawake wengi wa jumuiya hiyo hufunga kilemba, mara nyingi cheupe. Kenya pia ilitoa mtindo wa kilemba cha kiume unaojulikana hadi London: kilichotiwa wanga kikakauka kama karatasi, chenye ncha kali mbele. Kile cha wanawake hakikupita njia hiyo. Chao ni cha duara, laini, na hufungwa upya kila siku.

Kitana kabla ya kitambaa

Ukitaka kujua kwa nini kilemba cha mtu kinateleza saa nne asubuhi, usianze na kilemba. Anza na fundo la nywele.

Andiko la kale liitwalo Tankhahnama linaagiza nywele zichanwe mara mbili kwa siku, na kilemba kifungwe upya tabaka kwa tabaka. Kuchana kwa asubuhi huja baada ya kuoga, kabla ya sala za alfajiri. Kangha, ambayo haina udugu wowote na kanga ya begani, ni kitana kidogo cha mti chenye meno yaliyosongamana. Mti umechaguliwa kwa sababu: plastiki ikisuguana na nywele kavu huzaa umeme, nywele zinasimama na kukatika. Lakini meno yale ni membamba mno kwa nywele ndefu zilizolaliwa usiku kucha. Anayelazimisha kangha tangu utosini hung'oa nywele na kuvunja meno ya kitana. Utaratibu ni kufumua kwanza kwa vidole au chanuo la meno mapana, kuanzia nchani, kiganja kimoja kimoja kupanda juu, ndipo kangha ipite.

Kisha mwanamke huinama mbele mpaka nywele zote zianguke usoni. Huzikusanya kwa mikono miwili juu ya utosi, huzisokota kuwa kamba moja, na kuizungusha kamba hiyo juu ya shina lake mpaka ncha iishie chini ya fundo. Fundo hilo Wapunjabi huliita jura. Kangha huchomekwa chini yake, ikiwa imelala bapa, meno yakiingia ndani ya nywele. Hapo inafanya kazi kweli: inalishika fundo lisifumuke. Ikisimama wima, kilemba kitaikandamiza na pembe yake itachoma ngozi kutwa nzima. Maumivu ya kichwa ambayo watu huyasingizia kilemba, mara nyingi ni ya kitana kilichokaa vibaya.

Mwanamke aliyezoea mtandio kwa kawaida husuka msuko mmoja au hufunga nywele kisogoni. Akiamua kufunga kilemba, fundo lazima lihame lipande utosini, na hapa ndipo wanaoanza hukwama. Fundo la kisogoni hukisukuma kilemba mbele, hutengeneza nundu nyuma, na kila akiinama linaporomoka. Nywele zilizolala kuelekea nyuma miaka ishirini zikivutwa ghafla kwenda juu, ngozi huuma siku za mwanzo. Dawa ni kulegeza, kwa sababu kukaza zaidi kuna hatari yake: nywele zinazovutwa sehemu ileile kila siku hukatika, kisha huacha kuota. Madaktari wa ngozi wameliona hilo kwa wavulana na wanaume wa Kisikh, na wanaosuka rasta za kubana wanalijua pia. Dalili za awali ni vipele vidogo kwenye mstari wa nywele, wekundu au uchungu ukigusa, na vinywele vifupi vilivyokatika kwenye vipanda vya uso. Zikionekana, fundo lilegezwe na lisogezwe kidogo mbele au nyuma, na usiku nywele zisukwe msuko mlegevu. Ngozi ikishafanya kovu, nywele hazirudi.

Kosa la pili ni maji. Mwili huogeshwa kila alfajiri, lakini nywele wengi huziosha mara moja au mbili kwa wiki, maana nywele za kufika kiunoni huchukua saa kadhaa kukauka. Zikifungwa mbichi chini ya matabaka matano ya pamba, hazikauki mpaka jioni. Harufu, kuwasha na mba hufuata, na nywele mbichi hurefuka na kukatika kirahisi kuliko kavu. Kwa hiyo anayetoka nyumbani saa moja asubuhi aoshe jioni iliyotangulia, au siku ya mapumziko, na kwa muda huo afunike kichwa kwa kitambaa chepesi kimoja. Mafuta, yawe ya nazi, ya lozi au ya haradali kama ilivyo desturi Punjab, hupakwa kidogo katikati na nchani. Yakifika kwenye paji la uso, tabaka la kwanza la kilemba limepata utelezi.

Tuondoe na dhana moja. Nywele zisizokatwa haziongezeki bila kikomo. Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi kwa miaka kadhaa, kisha hudondoka na mwingine kuanza. Kwa hiyo mmoja nywele zake hufika magotini na mwingine mabegani, wote wawili hawajawahi kuguswa na mkasi. Na kila mtu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Zile zinazobaki kwenye kitana si dhambi ya mtu.

Mita ngapi, na za nini

Madukani Amritsar kitambaa cha kilemba hukatwa kwa mita kutoka kwenye jora, upana wake ukiwa karibu mita moja, na mafundi rangi wanaoitwa lalari hukitia rangi mteja akingoja. Watamlinganishia hata na rangi ya kipande cha nguo alichokuja nacho mkononi. Vitambaa viwili ndivyo vinavyotamba. Kimoja ni melimeli, na neno hili Waswahili wanalo tangu enzi za majahazi: pamba nyepesi, laini, yenye kushikana. Kingine ni voili, ambayo ni imara zaidi na mikunjo yake huonekana kwa unyoofu.

Kwa kilemba cha duara cha mwanamke, mita 4 hadi 5 za melimeli zinatosha, na voili vivyo hivyo au pungufu kidogo. Keski ya ndani, inayokaa juu ya fundo kabla ya kilemba chenyewe, ni mita 1.5 hadi 2.5. Anayefunga dumala, kilemba kikubwa cha vitambaa viwili, anaweza kufika mita 8 na kupita. Kuongeza mita ukidhani kitashika zaidi ni kujidanganya. Uzito unaongezeka, joto linaongezeka, na tabaka la kwanza bado ni lilelile. Poliesta iachwe dukani. Inang'aa vizuri kwenye picha, lakini nyuzi zake hazishikani, na kilemba kinachotegemea msuguano hakiwezi kusimama juu ya kitu kisicho na msuguano. Kitambaa kipya kifuliwe kwanza kuondoa wanga wa kiwandani, kianikwe kivulini, pindo zake zikiwa zimeshonwa zisifumuke.

Rangi hazina vyeo. Buluu iliyoiva, zafarani, nyeusi na nyeupe hupendwa na walioshika dini sana, na wanaofanya kazi ofisini mara nyingi hulinganisha na nguo. Ila Punjab nyeupe hubeba pia maana ya uzee na msiba, kwa hiyo bibi harusi akiifunga kijijini, shangazi zake watasema kitu.

Kukifunga

Kitambaa hunyunyiziwa maji kidogo kama dobi anavyofanya kabla ya kupiga pasi. Pamba yenye unyevu hunyooka mkononi, na ikikauka kichwani hujikaza mahali pake. Kisha huja kukunja, kwa Kipunjabi puni: watu wawili hushika ncha mbili, huvuta kwa nguvu, na kukunja kwa urefu mara tatu mpaka upana ubaki kama kiganja, sentimita 12 hivi. Aliye peke yake hufunga ncha moja kwenye kitasa cha mlango. Mikunjo isiponyooka hapa haitanyooka kichwani, na nusu ya vilemba vibaya viliharibika mlangoni.

Keski ya ndani hutangulia. Huzungushwa mara mbili au tatu kuzunguka mstari wa nywele na kufunika fundo, ncha ikisukumwa ndani. Hii ndiyo inayozuia vinywele vya shingoni na vya mbele visitoke, na ndiyo inayobaki kichwani kilemba kikivuliwa.

Kwa kilemba chenyewe, ncha ya kwanza hushikwa kwa meno, ikiachwa kama nusu mita. Meno hapo ni mkono wa tatu: yanalipa tabaka la kwanza kitu cha kuvutana nacho. Kitambaa kinapita chini kwenye paji la uso, juu kidogo ya nyusi, kinazunguka juu ya sikio, kinashuka nyuma mpaka chini ya kile kinundu cha mfupa wa kisogo. Kinundu hicho ni nanga. Tabaka likipita juu yake kilemba kitapanda na kupanda mpaka kivuke kichwa. Likipita chini yake halina pa kwenda. Mzunguko wa pili unapanda kidogo upande wa kulia wa paji, wa tatu upande wa kushoto, kila mmoja ukiacha ukingo wa tabaka la chini uonekane kwa upana wa kidole. Nyuma yote hubaki chini. Wanaoanza huzungusha kwa kimo kilekile kila mara, na matokeo yake ni kichwa kilichofungwa bendeji.

Nguvu za mkono nazo zina mpango. Tabaka la kwanza lilale tu, bila kuvutwa sana. La pili na la tatu ndiyo hukazwa, kwa sababu hayo yanabana kitambaa, hayabani ngozi. Anayevuta la kwanza kwa hofu ya kudondoka atapata alama nyekundu kwenye paji na kichwa kitamgonga kabla ya mchana. Baada ya mzunguko wa pili masikio huvutwa chini taratibu yakae bapa. Sikio lililokunjika ndani halisemi kitu dakika kumi za mwanzo, kisha halinyamazi.

Baada ya mizunguko mitano hadi saba, ncha ya meno huachiwa, hufunuliwa, hupandishwa kufunika utosi na kuingizwa nyuma. Mita ya mwisho ya kitambaa nayo hufunuliwa upana wake wote, hupitishwa juu ya fundo kutoka mbele hadi nyuma, na ukingo wake huchomekwa chini ya matabaka ya kisogoni. Nywele zikionekana juu, ncha ile ya kwanza iliachwa fupi, na hakuna njia ya mkato: kinafumuliwa. Mwisho hupita salai, sindano butu ya chuma, ya kusukuma vinywele ndani na kunyoosha kingo. Aliyezoea humaliza kwa dakika 5 hadi 10.

Kipimo chake si kioo. Ndani ya gurdwara mtu huinama mpaka paji la uso liguse sakafu mbele ya Guru Granth Sahib, na kilemba kilichofungwa vizuri hurudi juu kama kilivyoshuka. Mtandio wa hariri hapo ndipo unapomponyoka mwenyewe. Mkono mmoja wa mwanamke huwa kazini kutwa ukiurudisha kichwani. Na jikoni, kwenye langari, ambako chakula cha bure hupikwa kwa masufuria ya kuingia mtu mzima, ncha ya mtandio inayoning'inia juu ya moto ni hatari ya kweli. Wapo wanawake waliohamia kilemba kwa sababu hiyo tu, hoja za kiteolojia zikaja baadaye. Wengine huvaa vyote viwili, mtandio ukitandazwa juu ya kilemba, hasa Jatha. Nje ya gurdwara, mwanamke mwenye kilemba leo yupo hata mahakamani: mwaka 2017 Palbinder Kaur Shergill aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya British Columbia, mwanamke wa kwanza wa Kisikh mwenye kilemba kuwa jaji nchini Kanada.

Nywele ambazo kilemba hakizifuniki

Mabishano makali zaidi kuhusu wanawake hayapo kichwani, yapo usoni. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana iliamua shauri la wanafunzi walionyimwa nafasi katika chuo cha utabibu cha Amritsar, katika fungu lililotengewa Wasikh, miongoni mwao binti aliyenyofoa nyusi. Mahakama ilisema kuacha nywele bila kukatwa ni msingi wa utambulisho wa Kisikh, na chuo kikashinda. Kurasa nyingi za hukumu, chanzo ni nyusi.

Kwa mwanamke asiye na nywele nyingi usoni, kanuni hii ni rahisi kuitii. Kwa mwenye homoni zilizovurugika ni mtihani. Harnaam Kaur wa Uingereza, aliyekuwa na ndevu tangu ujanani kwa sababu ya ugonjwa wa ovari, aliacha kuzinyoa baada ya kunywa amriti, na Guinness ikamwandika kuwa mwanamke mwenye umri mdogo zaidi kuwa na ndevu kamili, akiwa na miaka 24 na siku 282. Kutibu homoni ni kazi ya daktari. Wembe, uzi na nta ndivyo vinavyozungumziwa na kanuni, na hapo haina msamaha wa urembo. Ukweli ni kwamba wanawake wengi wa Kisikh ambao hawajanywa amriti hutengeneza nyusi na hawajioni wametoka katika dini, na wazee wa gurdwara nyingi hulifumbia macho. Linapofika suala la amriti, hakuna wa kulifumbia: katika ibada hiyo maji matamu, yaliyokorogwa kwa upanga wa makali mawili ndani ya bakuli la chuma, hunywewa mara tano, hunyunyizwa machoni mara tano, na mara tano kwenye nywele zenyewe.

Jioni

Kilemba hakivuliwi kama kofia. Hufumuliwa tabaka moja moja, kinyume cha kilivyofungwa, na kitambaa hukusanywa mkononi kisiguse sakafu. Hakiwekwi kwenye kiti wala hakifuliwi pamoja na nguo za chini. Anayekinyanyua kizima usiku na kukitua kichwani asubuhi atakuwa ameokoa dakika kumi na kupoteza kuchana kwa mara ya pili, maana fundo halijafunguliwa. Nywele zilizobanwa hivyo siku tatu hujifunga mafundo ambayo chanuo haliyafumui bila kuyakata, na kukata ndiko alikokuwa akikukimbia.

Kangha hutoka, fundo hushuka, nywele huchanwa, husukwa kwa ulegevu. Keski ndogo hurudi kichwani kwa ajili ya sala ya mwisho, Sohila, na wengi hulala nayo. Nywele zilizobaki kwenye meno ya kitana hazitupwi ovyo. Huviringwa kwa kidole kuwa kijidonge, kikawekwa pembeni hadi viwe vingi, kisha vikachomwa.